Dawa Ipendayo Baridi

Katika vijiji vilivyojipanga ufukoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Congo, tangu Makobola hadi Nundu na kuendelea kusini hadi Baraka, maumivu ya viungo hayahesabiwi kuwa maradhi, bali huhesabiwa kuwa ni ujira wa kazi: mwanamke aliyetwanga sombe tangu utotoni mwake, akashuka milimani na mzigo wa kuni mgongoni, akainama mchangani kuanika ndagala mwaka baada ya mwaka, siku magoti yake yatakapoanza kulia jirani zake watasema kwamba amechoka, nao watamwachia kigoda cha kukalia na blanketi nzito ya usiku, wala haitawapitikia akilini kwamba hapo pana shauri la tabibu. Aghalabu jirani hao husema kweli, kwa kuwa goti lililochoka ni goti lililochoka, na likipumzishwa hupata nafuu.

Lakini yapo maumivu ya namna nyingine, ambayo kupumzika hakuyafai kitu, tena huyazidisha. Mwenye nayo huamka viungo vimemkakamaa kwa saa nzima au zaidi, vifundo vya vidole vimevimba mkono wa kulia kama wa kushoto, akiushika mchi unamponyoka, akitaka kufunga kitenge chake humwita binti amfungie; kisha jua likipanda na mikono ikaanza kutembea, kidogo kidogo hulegea, hata ikifika adhuhuri jirani aliyemwona asubuhi akilia humwona akicheka, akadhani kwamba yale ya asubuhi yalikuwa ni ajizi au deko. Mgonjwa huyu hajachoka kwa kazi. Watu wa pwani wameyaita maradhi haya baridi yabisi tangu zamani, na matabibu wa leo, wakitaka kuitofautisha aina hii na nyingine, huiita rumatoidi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mnamo mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa nayo ulimwenguni, na katika kila kumi, saba ni wanawake. Asili yake ni kwamba kinga ya mwili, iliyoumbwa ipigane na vijidudu, huugeukia utando laini unaovika viungo kwa ndani, ikautia uvimbe na joto, hata utando ukanenepa na kuila gegedu, na baada ya gegedu mfupa. Na kiungo kilichokwisha kuliwa namna hiyo hakirudi kuwa kama kilivyokuwa, hata dawa ikija na ubora wake wote.

Habari ya dawa yenyewe inatuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki kuliko tunavyodhani. Katika mwili mna kitu kimoja kiitwacho kwa herufi tatu, TNF, ambacho wataalamu wa New York walikitaja kwa mara ya kwanza mwaka 1975 walipokuwa wakitafiti saratani. Ni mjumbe ambaye chembe za kinga humtuma zikitaka kuwasha uvimbe. London, mabwana wawili, Marc Feldmann na Ravinder Maini, waliona kwamba katika viungo vya wenye rumatoidi mjumbe huyu amezidi kiasi, wakasema lau tungemzuia yeye peke yake, pengine moto wote ungepoa. Na mwaka 1992, katika hospitali ya Charing Cross, wakawapa wagonjwa wao wa kwanza dawa ya kumzuia, na wagonjwa wakapata nafuu ambayo haikuwa ikitarajiwa. Huyu Maini alikulia Uganda, naye ni mwana wa Sir Amar Maini, aliyekuwa meya wa kwanza wa Kampala katika miaka ya 1950. Nalitaja hilo kwa sababu tumezoea kuyaona matibabu ya namna hii kuwa ni ya watu wa baidi, yasiyotujua wala sisi hatuyajui, ilhali mmoja wa walioyazaa alikua katika bara letu hili hili.

Dawa zilizotoka katika mlango huo ni nyingi sasa, na mashuhuri yao ni adalimumabu, iliyopata idhini Marekani mwishoni mwa mwaka 2002, ambayo mgonjwa hujichoma mwenyewe chini ya ngozi, miligramu 40 kila baada ya majuma mawili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu, orodha ambayo mataifa hutazamia kwayo ni dawa gani raia asikose. Kuwamo orodhani, hata hivyo, si kuwamo rafuni. Hospitali kuu ya Nundu, iliyoasisiwa na wamisionari wa Methodisti Huru, imewazalisha akina mama na kuwapasua wagonjwa katika miaka ya amani na ya vita, lakini sindano hii si dawa inayomngoja mgonjwa huko, wala Baraka, wala Fizi juu mlimani. Ikifika, hufika kwa njia moja: katika mkoba wa mtu.

Na watu wenye mikoba hiyo wapo. Mwaka 1996, vita vilipoingia Kivu ya Kusini, Wabembe wa ufuko huu kwa maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti wakaenda Kigoma, Tanzania, wakawekwa katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Wakazaa, wakazeeka, na baada ya miaka mingi wengi wao wakachukuliwa Marekani. Basi leo yuko binti anayekaa huko, aliyepatwa na maradhi ya viungo, akaandikiwa sindano na tabibu wake, akapona kiasi cha kurudi kazini. Naye akipiga simu Nundu humsikia mama yake, aliyerudi kutoka kambini, akisimulia mikono ile ile, asubuhi ile ile. Ni mtoto gani asiyefikiri alivyofikiri yeye? Sindano ni mbili kwa mwezi: moja nitachoma mimi, moja nitampelekea mama kwa mkono wa anayesafiri.

Juu ya fikira hiyo, ambayo ni ya mapenzi matupu, ndipo nataka kukaa kidogo, kwa kuwa naiona kuwa ni ya hatari kuliko maradhi yenyewe.

Yule mjumbe TNF hakuumbwa bure. Mtu akivuta pumzi yenye vijidudu vya kifua kikuu, mara nyingi haugui. Chembe za kinga huvizunguka vijidudu hivyo mapafuni, zikajenga ukuta mdogo wa kuvifungia ndani, navyo hubaki humo hai lakini vimelala, pengine aushi yote ya mtu. Na anayeshika ukuta huo usibomoke ni TNF. Karibu robo ya wanadamu wote hudhaniwa kuwa wamewahi kuambukizwa vijidudu hivi, na wengi wao hawana habari. Ukimzuia TNF ili vidole vipone, ukuta hulegea. Jambo hili halikujulikana vema hata mwaka 2001, ilipochapishwa katika jarida la matabibu la Marekani hesabu ya wagonjwa 70 walioshikwa na kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu, dada mkubwa wa adalimumabu: wengi walishikwa ndani ya miezi ya mwanzo, na zaidi ya nusu ugonjwa wao haukukaa mapafuni tu, bali ulikuwa sehemu nyingine za mwili. Linalonipa mimi kufikiri zaidi ni kwamba 64 katika hao 70 waliripotiwa kutoka nchi ambazo kifua kikuu ni adimu. Ikiwa yaliwapata wao, waliokaa mbali na kikohozi hicho, mtu wa Fizi aseme nini, yeye ambaye nchi yake imo miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa kabisa wa kifua kikuu duniani, ambaye kaka yake amechimba dhahabu Misisi katika mashimo yasiyo na hewa, na ambaye mwenyewe amelala miaka mingi katika hema za wakimbizi, watu wanane pumzi moja?

Kwa hiyo usalama wa sindano hii hauanzi kwenye sindano. Huanza kwa swali, na swali hilo huulizwa kwa upole, maana kifua kikuu bado ni aibu kwa watu.

"Mama, nyumbani kwenu yuko aliyewahi kunywa dawa za kifua miezi sita?"

"Hapana, Dokta."

"Hata zamani? Hata kule Nyarugusu?"

"Marehemu baba watoto alikunywa. Lakini alipona, Dokta, hakufa na ile."

Hilo "alipona" ndilo jawabu lenye thamani kuliko kipimo, kwa sababu mke aliyelala chumba kimoja na mwenye kukohoa huenda amebeba vijidudu vilivyolala. Baada ya swali huja picha ya kifua, na kipimo cha ngozi au cha damu; na hapo pia pana hadhari, kwani mgonjwa aliyekwisha kumeza vidonge vya kotizoni kwa miezi anaweza kupimwa ngozi ikanyamaza, ilhali vijidudu vimo. Akionekana kuwa navyo, hupewa dawa za kuvimaliza, na sindano hungoja walau mwezi mmoja tangu dawa hizo zianze. Kadhalika damu hupimwa homa ya ini aina ya B, ambayo nayo hulala kimya ikaamshwa na tiba hii. Binti aliye Marekani alipitishwa katika milango yote hiyo kabla ya sindano yake ya kwanza, pengine bila kufahamu kwa nini. Mama yake, mkoba ukifika, hatapitishwa katika mlango hata mmoja.

Sasa njoo katika habari ya baridi. Adalimumabu haikutengenezwa kwa kuchanganya unga na unga kama vidonge. Ni protini iliyofumwa na chembe hai zinazofugwa katika matangi, na protini ni kama ute wa yai: ukishapata moto ukaganda haurudi tena kuwa maji, hata ukiutia barafuni mwaka mzima. Yapasa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, isigande kwa baridi, isitikiswe, isipigwe na nuru. Kama safari imelazimu, huvumilia siku 14 nje ya friji, kwa sharti kwamba joto halipiti nyuzi 25. Zikitimia siku hizo hutupwa, hata kama ilirudishwa frijini katikati. Sasa mtazame msafiri: ameshuka Bujumbura, amevuka mpaka wa Gatumba na Kavimvira, amelala Uvira akingoja gari, kisha ameingia barabara ya ufukoni ambayo mvua ikinyesha mito huikata, na wenye bunduki huikata wakipenda, mkoba wake uko juu ya gari, juani, kati ya gunia la mchele na godoro. Nundu kwenyewe mchana joto la ufukoni aghalabu hupita hizo nyuzi 25 hata kivulini. Na kibaya zaidi ni kwamba dawa iliyoharibika haisemi: haina harufu, pengine haibadiliki rangi, mgonjwa hujichoma na kungoja nafuu isiyokuja, na akili yake humwambia kwamba amelogwa.

Friji lipo Nundu, nalo hutimiza nyuzi zile zile 2 hadi 8. Ni friji la chanjo za watoto, linalotumia jua, ambalo wauguzi wa zoni ya afya huliandikia joto lake asubuhi na jioni katika karatasi iliyobandikwa mlangoni. Nimesikia watu wakilalamika kwamba muuguzi alikataa kuwawekea dawa yao humo. Mimi namuunga mkono muuguzi. Friji lile likifunguliwa kwa kila mwenye haja, mwisho wake ni watoto wa kijiji kizima kuchomwa chanjo isiyo na nguvu, na surua haimwonei mtu haya.

Madhali nimetaja chanjo, nimkumbushe na yule aliye ughaibuni ambaye mwenyewe anatumia sindano hii na anatamani kuja kuzuru makaburi ya wazee wake. Congo humtaka kila aingiaye awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo ni ya kirusi hai, ambayo mwenye kinga iliyozuiwa hapewi. Asichanjwe kwa siri safari ikikaribia. Atafute kwanza kadi yake ya zamani, kwa sababu tangu Julai 2016 cheti kimoja chatosha maisha yote. Asipokuwa nayo, tabibu wake humwandikia barua ya udhuru, naye ajue kwamba barua humpitisha mpakani lakini haimkingi na mbu. Chanjo ya kipindupindu, ugonjwa usioutoka ufuko huu, ile inayotolewa huku kwetu kwa kunywa haina kijidudu hai, basi hiyo haimdhuru. Na mama aliyeitumia sindano katika miezi ya mwisho ya ujauzito na awaambie wakunga mapema, maana kwetu mtoto huchanjwa BCG akiwa mchanga kabisa, nayo ni hai, na mtoto huyo yafaa angojewe yapata miezi sita.

Kitendo chenyewe cha kuchoma, ambacho watu hukiogopa kuliko yote, ndicho chepesi kuliko yote. Sindano yenye umbo la kalamu hutolewa frijini ikaachwa mezani nusu saa ubaridi wake upungue, wala haitiwi katika maji ya moto, mikono huoshwa, dirisha la kalamu hutazamwa kama maji yake ni safi hayana vipande, kisha ngozi ya paja kwa mbele, au ya tumbo umbali wa vidole vitatu toka kitovuni, huchomwa pahali ambapo mara iliyopita hapakuchomwa, pasipo na kovu wala wekundu. Husikika mlio mdogo, mtu huhesabu polepole hadi kumi, basi. Pakiwasha siku mbili tatu si neno. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Na siku yenye homa, au kidonda chenye usaha, au kikohozi kisichoeleweka, sindano haichomwi mpaka tabibu aseme. Akianza kutoka jasho usiku na nguo kumpwaya, asingoje siku ya miadi. Kalamu iliyotumika haitupwi jalalani ambako watoto huokota vya kuchezea. Hutiwa katika chombo kigumu chenye kifuniko na kurudishwa hospitalini.

Nasema tena, nisije nikafahamika vibaya: dawa hii ni neema, na siku serikali itakapoweza kuifikisha Bukavu na Uvira pamoja na vipimo vyake, nitashukuru. Lakini siku hiyo haijafika, na Bukavu yenyewe, ambako wagonjwa wetu walikuwa wakipelekwa, iliingiwa na waasi wa M23 Februari 2025, njia zikazidi kuwa nyembamba. Wakati huo huo iko dawa ya zamani, metotreksati, vidonge vya manjano vya bei nafuu visivyohitaji friji, ambayo hata Ulaya na Marekani ndiyo hutangulizwa kabla ya sindano, na wengi huwatosha peke yake. Nayo ina sharti lake kali: humezwa siku moja tu katika juma, na aliyeimeza kila siku kwa kutoelewa amekufa kwayo, huambatana na vidonge vya asidi ya foliki, hupimiwa damu na ini, haipewi mwenye mimba. Siku hiyo moja ichaguliwe na iandikwe, tuseme Jumapili baada ya ibada, mbele ya binti anayejua kusoma. Metotreksati iliyosimamiwa vema ina heri mara nyingi kuliko adalimumabu iliyopikwa na jua. Ina heri kabisa kuliko deksametazoni inayouzwa sokoni kwa kidonge kimoja kimoja, ambayo humnyanyua mgonjwa siku ya pili akacheza ngoma, uso ukamjaa akasifiwa kwamba amenenepa, na mwaka ukipita mifupa yake ni dhaifu na sukari imempanda. Na ina heri kuliko chale za magotini zitiwazo dawa kwa wembe uliokwisha kuwachanja wengine.

Limebaki moja kwa yule binti. Sindano uliyoandikiwa ni ya mwili mmoja. Ukiipunguza, ukachoma moja na kupeleka moja, mwili wako hupata nafasi ya kuizoea dawa na kuitengenezea silaha za kuipinga, na mwisho wake haikufai tena hata ukirudi kuchoma mbili. Na mama naye atakuwa amepata kisichozidi majuma mawili ya nafuu, kama dawa ilifika hai, pamoja na ukuta uliolegea kifuani mwake. Mpigie simu umuulize mambo matatu: asubuhi mikono inakakamaa kwa muda gani, nani nyumbani aliwahi kunywa dawa za kifua, na anameza vidonge gani vya sokoni. Majibu yaandike, umtumie daktari wa Nundu kwa mkono wa mdogo wako. Kisha tuma nauli ya kumfikisha kwenye picha ya kifua na vipimo vya damu, utume na bei ya metotreksati ya miezi sita, nayo haifikii hata kipande kidogo cha bei ya kalamu moja. Kalamu zako zibaki frijini kwako.